Kadi Ishirini za Mwalimu Kihara

Mashine ya kufuma sweta ya Karwitha imefunikwa kwa shuka la maua tangu Januari, na kila Jumamosi asubuhi mumewe, Mwalimu Kihara, hulifunua shuka hilo, akapangusa vumbi kwenye sindano moja moja, kisha akaifunika tena. Hakuna aliyemtuma. Karwitha, ambaye huwa ameketi hatua tatu tu kutoka hapo, husikia kitambaa kikipita juu ya chuma na hasemi kitu. Mgeni akiwakuta saa hiyo hudhani ni wazee wawili waliokosana. Hawajakosana. Ni kwamba kuna neno moja ambalo Kihara alilibeba kwa miezi saba bila kulitua, na ukilibeba neno muda wote huo, mikono hutafuta kazi.

Kihara alifundisha hisabati katika shule za sekondari za Tetu kwa miaka thelathini na mmoja, ile ya mwisho ikiwa karibu na soko la Giakanja, kisha akastaafu na kukaa katika nyumba yao ya mawe pale Skuta, kando ya mji wa Nyeri. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, na ndani yake akawa anaandika madai ya watu. Jirani akisema mayai marefu huangua majogoo, linaandikwa. Mama wa kanisani akisema magoti yake yamepona tangu aanze kunywa supu ya thabai, yale majani yanayowasha, linaandikwa. Kisha Kihara husugua viganja na kusema maneno yake yale yale: "Tuanze na hakuna."

Maana yake aliieleza hata kwa wasiotaka kujua. Mtu akidai kuna kitu, wewe anza kwa kushikilia kwamba hakuna. Halafu fanya jaribio, uhesabu. Ikiwa hesabu uliyopata ingeweza kuletwa na bahati tu zaidi ya mara tano katika mia, baki na hakuna yako. Ikiwa ni adimu kuliko hapo, iache hakuna hiyo, ukubali kwamba dai lina mashiko. Vijana wa stendi wakambandika jina la Mwalimu Hakuna. Alijifanya limemuudhi, lakini siku walipolisahau aliwakumbusha.

Na tusimwonee, kwa sababu daftari lile lilisaidia watu. Kule Chaka kikundi kimoja cha wakulima kilikuwa karibu kumpa kazi mzee Gatobu, aliyetembea na kijiti chenye panda akisema kinamvuta mkono penye maji ardhini. Kihara alipanga ndoo ishirini zilizofunikwa na magunia. Kwa kila ndoo alikuwa amerusha sarafu kuamua kama itiwe maji au iachwe tupu. Gatobu akapita na kijiti chake, akapatia kumi na moja. Sarafu yenyewe ingeweza kupatia hizo. Wakulima wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaenda kutafuta mtaalamu mwenye vipimo, na siku hiyo Kihara alilishwa nyama choma hadi akafungua kifungo cha suruali.

Ubaya ni kwamba alizoea kushinda. Kati ya madai arobaini na matatu yaliyokuwa ndani ya daftari, arobaini na moja yaliishia kwa hakuna. Mtu akishinda hivyo huanza kuiona hakuna kuwa ndiyo kweli yenyewe, na kumbe ni pahali pa kuanzia tu. Alipokuwa darasani alikuwa akiandika ubaoni kwamba kuna makosa ya aina mbili: kuona kitu pasipo na kitu, na kutoona kitu kilichopo. La kwanza alilieleza kipindi kizima. La pili alilipitia haraka, maana mtihani haukuliuliza sana.

Karwitha hakuwa na habari na hayo. Yeye alizaliwa upande wa Nkubu, akaletwa Nyeri na ndoa, na kwa miaka ishirini na tano akafuma sweta za shule. Mtaani Skuta ilikuwa vigumu kumpata mtoto ambaye hajawahi kuvaa kola aliyoifuma yeye. Kihara alimpenda kwa mengi, lakini moja hakulitaja kwa mtu. Alipenda kumtazama akihesabu vitanzi bila kusogeza midomo, mia na arobaini, mia na arobaini na mbili, na asikosee. Moyoni alimwona kuwa ndiye mwanahisabati wa nyumba ile.

Mwaka juzi, Julai, baridi ile ya ukungu unaokaa mpaka saa sita, Karwitha alitoka kwenye mashine akaja kusimama mlangoni.

"Baba Judy, hii jicho yangu ya kushoto si mzuri," alisema. "Naona kama kuna mtu amevuta pazia hapa kando."

Kihara akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Tangu lini?"

"Siwezi jua. Ni kitambo. Jana nimeachilia vitanzi sita huo upande na sikuona."

"Na ile ya kulia?"

"Hiyo iko sawa."

Hospitali ilikuwa mwendo mfupi kutoka mlangoni pao. Kwa mguu ungefika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Mume mwingine yeyote wa Skuta, hata yule asiyejua kuandika jina lake, angesema chukua leso twende. Lakini huyu uso wake uling'aa kama mtoto aliyeambiwa kesho ni Krismasi. Lilikuwa dai, tena safi, la kupimika, tena limetoka nyumbani kwake. Akafunga gazeti.

"Tuanze na hakuna," alisema.

Jioni ile alikata kadi ishirini kutoka kwenye kalenda iliyopitwa na wakati, na nyuma ya kila kadi akachora mshale mdogo kwa kalamu nyeusi. Mishale mingine ilielekea juu, mingine chini, mingine kushoto, mingine kulia, akazichanganya kama karata. Jumapili baada ya kanisa wakakaa kwenye veranda. Karwitha alifunika jicho moja kwa kisahani cha kikombe, naye Kihara akasimama hatua sita mbele yake, akawa anainua kadi moja moja kwa mkono wa kulia huku daftari likiwa mkono wa kushoto.

"Inaelekea wapi?"

"Juu."

"Hii?"

"Hiyo ni kushoto."

Walianza na jicho la kulia, akapatia kumi na tisa. Wakahamia la kushoto, akapatia kumi na sita. Kihara akaingia ndani na daftari, akakaa mezani nusu saa, na aliporudi alikuwa anatabasamu. Tofauti ilikuwa kadi tatu. Macho mawili yaliyo sawa kabisa, alimweleza, yangeweza kuachana hivyo au zaidi kwa bahati tu mara kumi na saba katika mia. Kumi na saba ni mbali na tano.

"Mama Judy, jicho lako halina neno," alisema.

Hapo ndipo pa kusimama. Daftari lilikuwa limesema ushahidi hautoshi. Mdomo ukasema jicho halina neno. Hayo ni maneno mawili tofauti, na Kihara alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa kaunti ile, maana kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amewakata wanafunzi alama kwa kuyachanganya. Ndoo ishirini zilitosha kumkamata mlaghai mwenye kijiti. Kwa jicho linaloanza kuharibika, kadi ishirini zilikuwa chache mno, na yeye hakujiuliza kama zingetosha. Hata kama Gatobu angeonewa, angepoteza sifa kidogo na kesho aende mji mwingine. Karwitha hakuwa na jicho lingine la kuendea.

Karwitha alicheka, akasema, "Basi asante, Mwalimu," akarudi kwenye mashine yake. Hakulitaja jicho tena. Mara kadhaa Kihara alimwona akigeuza kichwa chote ili aangalie kitu kilichokuwa kushoto kwake. Mara moja alimwona akigonga fremu ya mlango kwa bega. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, lakini hayo hakuyaandika. Jaribio lilikuwa limekwisha.

Miezi kumi na minne ikapita. Septemba mwaka jana Karwitha alikwenda mjini kwa Shanta, mwenye duka la nyuzi aliyemuuzia uzi tangu Judy, binti yao, akiwa mgongoni. Shanta akamwekea mafungu manne ya uzi wa maruni juu ya kaunta, upande wa kushoto. Karwitha akasubiri. Akasubiri tena, halafu akauliza kwa upole kama uzi umekwisha. Mafungu yalikuwa kando ya kiwiko chake. Shanta aliushika mkono wake, akauweka juu ya uzi, kisha akachukua simu akampigia Kihara.

"Mwalimu, huyu mama haoni upande moja," alisema. "Mimi naangalia yeye siku mingi. Peleka yeye leo, usingoje kesho."

Kwa hiyo mwenye duka, bila kadi na bila daftari, aliona kwa dakika tano kile ambacho mume alikihesabu akakikosa. Hilo Kihara hajawahi kulisamehe, na si Shanta asiyemsamehe.

Kwenye kliniki ya macho daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alipuliza hewa kwenye macho kwa kifaa chake, akamulika, akapima, kisha akaeleza. Ni presha ya macho. Haiumi, na huanzia pembeni ikija katikati polepole, hivyo mtu akiangalia kitu kilicho mbele yake kabisa anaweza kukiona vizuri na huku kando kumeshakufa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilikuwa limebaki kama kuchungulia kwenye bomba. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi.

"Mama, mbona mlichelewa?" daktari aliuliza.

Kihara akafungua mdomo. Lakini Karwitha alimtangulia.

"Ilikuwa msimu ya sweta, daktari," alisema. "Nilikuwa na kazi mingi."

Kihara akaufunga mdomo. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya jicho lililopasuliwa, na aliisoma kuanzia juu hadi chini, kila mshipa, mpaka wakaruhusiwa kwenda.

Karwitha aliendelea kufuma kwa kupapasa hadi Januari. Siku moja akafuma mkono wa sweta uliokuwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Akaupitisha vidoleni mara mbili, akauweka mapajani, akaomba aletewe shuka.

Tangu hapo Kihara amekuwa mume ambaye majirani wanamsifu. Anapika uji. Anatia matone asubuhi na jioni, akimshika kidevu kwa vidole viwili. Akienda naye kanisani humpa kiwiko na kumtajia kila jiwe. Wanawake wa Skuta huwaambia waume zao waige mfano wa Mwalimu, naye kila akisikia hivyo hutamani ardhi imfunike. Daftari alilifungia ndani ya sanduku. Usingizi ulikuja ukiwa umechelewa na kuondoka mapema, na kila alipoamka alijikuta kwenye veranda ile, mkono umeinuliwa, akiuliza inaelekea wapi. Alijuta, si kidogo. Alijuta kwa kile alichokikosea, na alijuta zaidi kwa sababu alikuwa amemwacha mke wake abebe lawama ile siku baada ya siku, wakati kusema kungemchukua muda mfupi kuliko kutia matone.

Na lawama zilikuwepo. Judy, anayefanya kazi Nanyuki, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na hakukosa kumgombeza mama yake. Karwitha alikuwa akisikiliza na kusema ni kweli, mwanangu, ni kweli.

Aprili, Judy akaja mwenyewe. Walikuwa mezani, mchana, mukimo umeshapakuliwa, Karwitha akipapasa kijiko kilichokuwa kushoto kwa sahani. Judy alimtazama akikitafuta, macho yakamjaa maji, na uchungu ukatoka kwa njia ya hasira kama unavyotoka kwa watoto wengi.

"Mum, si ulikuwa unajua?" alisema. "Ati sweta. Sweta za watu. Ungesema tu mapema, hata mara moja, si Dad angekupeleka? Ulinyamaza mpaka imekuwa hivi, sasa ni nani atakuwa macho yako?"

"Ni kweli, mwanangu," Karwitha alisema. Alikuwa amekipata kijiko.

Kihara akasukuma sahani yake.

"Alisema," alisema.

Judy akamgeukia.

"Alisema, Judy. Julai mwaka juzi, alikuja akasimama hapo mlangoni akaniambia. Nikamkatia kadi. Nikampima kwa kadi ishirini, nikamwambia jicho halina neno. Hakunyamaza yeye. Mimi ndiye niliyenyamaza, kuanzia siku ya daktari hadi leo."

Judy alimtazama baba yake jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyokulia akikuta imewekwa mlango mwingine. Kisha akainuka, akakusanya vyombo ambavyo vilikuwa bado na chakula, akatoka navyo nje kwenye bomba. Wakasikia maji yakimwagika kwa nguvu kuliko inavyohitajika kuosha sahani tatu.

Mezani wakabaki wawili. Kihara alisubiri mkewe alie, au amtukane. Angeshukuru angetukanwa.

"Si ungeniachia tu hiyo maneno," Karwitha alisema. "Nilikuwa nimeizoea."

"Haikuwa yako."

"Ilikuwa yangu kidogo." Akavuta leso, akaifuta meza mahali pasipokuwa na kitu. "Hizo kadi, Baba Judy. Zile za jicho ya kushoto. Sikuona zote."

Kihara hakuelewa. "Ulipatia kumi na sita."

"Mkono yako ulikuwa unachoka. Ukichoka ulikuwa unapeleka kadi hivi, kando." Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, kushoto, mahali ambapo sasa hapana kitu. "Zikienda huko zilikuwa zinapotea. Hizo nilikuwa nabahatisha. Nasema juu, nasema chini."

"Zilikuwa ngapi?"

"Kama nane hivi."

Hakujizuia. Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, kama magoti yanavyopiga hatua kwenye ngazi uliyoizoea. Nane alizobahatisha, akapatia nne. Kama angesema sioni, jicho la kushoto lingebaki na kumi na mbili dhidi ya kumi na tisa. Tofauti ya namna hiyo, bahati huileta mara moja katika mia. Angeiacha hakuna yake jioni ile ile. Wangekuwa hospitalini Jumatatu asubuhi, na miezi kumi na minne ya kuona ingekuwa yake bado, na mashine ingekuwa ikilia hapo pembeni.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na akasikia jinsi swali lilivyokuwa bovu hata kabla halijafika upande wa pili wa meza.

Karwitha alifikiria. Hakuwa na haraka, wala hasira.

"Ulikuwa umefurahi sana," alisema. "Na mimi pia nilikuwa naogopa hospitali, siwezi danganya. Lakini Baba Judy, wewe ulikuwa unaniuliza mshale inaelekea wapi. Hata mara moja hukuniuliza kama naiona."

Nje maji yalikuwa yamefungwa. Kihara alilia hapo mezani, mikono ikiwa juu ya kitambaa, bila kujificha, na Karwitha akaunyoosha mkono wake kuelekea sauti hadi ukafika kwenye kiganja cha mumewe ukatulia hapo.

Ilipofika saa kumi na mbili, saa ya matone, Kihara alimkalisha mkewe kwenye kiti cha veranda penye mwanga, akamshika kidevu, akatia tone moja kulia na moja kushoto, ingawa daktari alisema la kushoto si lazima sana. Akafunga kichupa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akavuta kiti, akaketi mbele yake, mikono mitupu.

"Mama Judy," alisema, "unaona nini?"

"Sasa?"

"Sasa."

Karwitha aligeuza kichwa kidogo, akakirudisha.

"Nakuona wewe," alisema. Akaleta kidole, akagusa paji la uso wa mumewe, kisha kidevu. "Kuanzia hapa mpaka hapa. Masikio siioni."

Kihara aliketi hivyo hivyo bila kusogea, akaogopa hata kugeuza shingo, ili kile kidogo alichokiona mkewe kisimtoke.